Twisheni ya insha Kigoma: peni nyekundu ilichana mishale yangu

Wiki kadhaa zimepita lakini hasira iko palepale. Mimi narudia mtihani kama PC, yaani mtahiniwa wa kujitegemea, nikaambiwa kuna twisheni huku Mwanga wanafundisha insha vizuri, hasa zile za sababu na matokeo ambazo ndo zinaniangushaga. Nikalipa ya mwezi mzima, keshi.

Swali letu: kwa nini dagaa wamepungua Ziwa Tanganyika na imeleta nini. Sasa mama yangu anaanika dagaa Kibirizi, mwaloni pale mitumbwi inaposhusha samaki, hili swali tunalala nalo tunaamka nalo. Usiku nikaanzia mwisho narudi nyuma, kila nikiandika kitu najiuliza na hiki kimeletwa na nini. Dagaa wamepungua kwa sababu chakula chao kimepungua, chakula kimepungua kwa sababu rutuba imebaki kule chini kwenye maji ya baridi, haipandi kwa sababu maji ya juu yamepata joto yamekuwa mepesi hayachanganyiki na ya chini, na ziwa lenyewe penye kina kirefu zaidi ni kama mita 1,470, kitu kikizama huko kimezama. Pembeni nikaweka uvuvi uliopitiliza na nyavu za macho madogo, na mshale wake unaingia palepale kwa dagaa, maana ni njia mbili zinakutana. Karatasi nzima mishale.

Ticha kaichukua, hata nusu hajafika, kapiga mstari na peni nyekundu mpaka karatasi ikachanika, akasema mbele ya watu, "Dada, hizi stori za mwaloni peleka mwaloni, mi nataka hoja sita, kila hoja aya yake." Watu wakacheka. Mwaloni ndo pamenisomesha mimi.

Na hoja sita za nini? Ukiweka joto aya ya pili, rutuba ukaitupa aya ya tano, msomaji atajuaje kama hiki kimezaa kile? Hiyo ni orodha ya kwenda nayo sokoni, sio insha!

Nilitaka niseme hawafai kabisa. Ila haki yake nimpe, kuna swali moja aliniuliza. Nilikuwa nimeandika dagaa wameisha kwa sababu serikali ilifunga ziwa 2024, ile miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei. Akauliza, "Walianza kupungua kabla halijafungwa au baada?" Nikanyamaza. Lilifungwa kwa sababu samaki walishapungua, ili wazaliane. Yaani mimi niliona sokoni hamna nikakimbilia kusema ziwani hamna, wakati nyumbani kila mtu anajua mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, wavuvi wanalala, bei inapanda, giza likirudi inashuka, na hakuna anayesema ziwa limekauka. Swali lile peke yake lilikuwa na thamani ya ada, sikatai.

Kwa hiyo kama una moyo wa kumeza maneno nenda... hapana, msiende. Angeniuliza lile swali bila kunichania karatasi na bila kumgusa mama yangu ningelielewa vilevile. Hela nimeidai, naambiwa njoo Jumatatu, Jumatatu zenyewe zishakuwa tatu.

Insha nimeianza upya mwenyewe, mishale ileile, ila hoja ya kufungwa kwa ziwa nimeihamishia upande wa matokeo.