Muziki wa ubora kamili nyumbani: maktaba yako au huduma ya kulipia?

Njia ni mbili: kuhifadhi faili zako za FLAC (aina ya faili inayobana muziki bila kupunguza ubora) kwenye kompyuta ndogo inayowaka muda wote, au kulipia huduma ya kusikiliza muziki kwa intaneti kama Qobuz, Tidal au Apple Music.

Kuhusu sauti yenyewe, msibishane sana. CD ina sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, jumla takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde kwa chaneli mbili (kushoto na kulia). FLAC huzibana hadi karibu nusu bila kutupa chochote, ziwe zimetoka kwenye diski yako au kwenye intaneti.

Tofauti kubwa ni umiliki. Albamu uliyoinakili kutoka CD yako haitoweki eti kwa sababu mkataba wa kampuni fulani umekwisha, na intaneti ikikatika inaendelea kupiga. Ila kazi ipo: kunakili CD moja baada ya nyingine, kusahihisha majina ya wasanii, kutafuta picha za majalada, kuweka nakala ya akiba kwenye diski ya pili. (Diski hufa, tena bila kuaga.) Huduma ya kulipia haikusumbui na hayo, unaandika jina, wimbo unaanza. Ukiacha kulipa, kimya.

Kwa vyovyote, epuka Bluetooth ya kawaida, maana hubana sauti upya na kupunguza ubora. Tumia waya wa mtandao au Wi-Fi.

Mimi ningeanza na huduma, kisha ninunue na kuhifadhi zile albamu chache nisizotaka zinipotee.