Magongo ya kiwiko ya 65,000 hapa Moshi: bomba safi, mipira ovyo

Kwa yeyote anayetafuta magongo Moshi mjini, mimi nimeyatumia haya ya kiwiko, yale ya alumini yenye kikombe cha plastiki kinachoshika mkono, nilinunua 65,000 pea nzima kwenye duka moja la vifaa tiba katikati ya mji, na jibu fupi ni kwamba chukua ila mipira ya chini badilisha kabla hujafika nyumbani. Jibu refu ndo hili.

Nilikuwa najiandaa na Kili Marathon, nusu, ile 21km, na anayeijua njia ya kupandisha kuelekea Mweka anajua inavyokula miguu. Maumivu yakaanza kwenye kinena, sio pembeni ya nyonga, kwenye kinena kabisa, nikikimbia yanapanda nikipumzika yanatulia, eksirei ikatoka safi haina kitu. MRI, kile kipimo cha picha cha sumaku, ndo ikaonyesha ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja, yaani pale chini kidogo ya kichwa chake cha duara kinachoingia kwenye nyonga. Mfupa umechoka tu kwa kurudiwa rudiwa, sijaanguka wala sijagongwa na mtu. Daktari akaniambia ufa wako uko upande wa chini wa shingo, huku mfupa ukibeba uzito unajibana, kwa hiyo tunaweza kusubiri ujiunge wenyewe, ungekuwa upande wa juu unakovutwa na kufunguka tungekuwa tunaongea habari za skrubu sahivi. Sharti moja, mguu usikanyage chini mpaka atakaponiruhusu.

Na hapa niwaeleze kwa nini naandika gazeti zima kuhusu magongo tu. Kichwa cha paja kinapata damu yake nyingi kwa vimishipa vinavyopanda kupitia hapohapo shingoni. Ukilazimisha kutembea, ufa ukakatika moja kwa moja mfupa ukahama, vile vimishipa vinaweza kuchanika, kichwa kinakosa damu, mfupa unakufa, halafu unabonyea polepole mpaka joint yote inaharibika, mwisho wake ni nyonga ya bandia. Hata uwe na mwili wa chuma. Bo Jackson yule Mmarekani aliyecheza besiboli na futiboli yao kwa pamoja aliumia nyonga uwanjani Januari 1991, mfupa ukafa, 1992 akawekewa ya bandia, besiboli alirudi kucheza lakini futiboli ndo ikawa basi. Kwa hiyo gongo kwa mgonjwa wa hivi ndo dawa yenyewe, likiteleza umekanyaga na mguu mbovu bila kupenda.

Sasa duka. Muuzaji ni mama mtu mzima, nikamwamkia, akaitikia huku macho yako kwenye miguu yangu, "mwanangu vua hizo ndala, kesho utatembea na viatu gani?" Akanisimamisha na raba, mikono ikaning'inia, akaseti mshikio usawa wa kifundo cha mkono ili nikishika kiwiko kipinde kidogo, kikombe akakiweka chini ya kiwiko kama vidole viwili hivi. Hakuna haraka, wateja wanasubiri na yeye anazunguka nyuma kuangalia mabega kama yamepanda. Kuna duka jingine nilianzia, kijana alinitolea pea kwenye nailoni akasema "hizo ni saizi zote bro". Aisee hapana. Hapa huduma nampa mama tano kwa tano.

Kwanza alinionyesha yale ya kwapani, ni nafuu kidogo, na wengi wanayapenda kwa sababu yanaonekana imara. Shida yake watu wanayaegemea kwa kwapa, kumbe uzito unatakiwa uende kwenye viganja na juu pabaki nafasi ya vidole viwili vitatu, ukining'inia pale mshipa wa fahamu unabanwa unaanza kuhisi ganzi na mkono unalegea. Kwa mtu wa muda mrefu kama mimi ya kiwiko yalikuwa sawa zaidi, unaweza kushika mlango au kutoa hela mfukoni bila gongo kuanguka. Ila yanataka mikono yenye nguvu, mzee wangu alijaribu akayarudisha hapohapo.

Mabaya yake. Mipira ya chini ni migumu kama plastiki, kwenye tailizi zilizolowa inateleza vibaya mno, na ndani haina washa, kile kipete bapa cha chuma, kwa hiyo bomba likaanza kutoboa mpira taratibu mpaka siku moja nikasikia kwaa kwaa kwenye sakafu, naangalia, alumini inachungulia. Hapo ndo nilikasirika kweli. Washikio nao plastiki tupu, viganja vikaota malengelenge, fundi baiskeli akanivalishia gripu za baiskeli juu yake zikakaa kama zimezaliwa nazo. Kile kitufe cha kupandishia na kushushia kinagonga tik tik ukitembea, kanisani watu wote wanageuka. Bomba lenyewe sina neno, halijapinda, na nimelipeleka kwenye vumbi, kokoto na ngazi za kila aina. (Ngazi kama hukufundishwa: kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza magongo na mguu mgonjwa. Mwombe fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akusimamie mara ya kwanza.) Kwenye hiace sahau, konda alinichukulia magongo akayarusha mbele kwa dereva mimi bado niko mlangoni nimesimama na mguu mmoja. Panda bajaji.

Kitu kingine ambacho hakikunipendeza, mhudumu wao mwingine alianza kuniuzia mkanda wa sumaku eti unaita damu kwenye nyonga. Pembeni yangu kulikuwa na kijana ana selimundu, kichwa cha paja kimeshaanza kufa bila kuvunjika popote, selimundu inafanya hivyo, pombe nyingi pia, na dawa za steroidi za muda mrefu kama predinisoloni. Akaulizia ule mkanda, mama akaingilia, akamwambia mfupa uliokosa damu hauamshwi na sumaku, nenda kliniki ya mifupa mapema kabla haujabonyea, maana ukiwahiwa kuna namna ya kuutoboa kupunguza presha ndani, ukishabonyea ni habari ya kubadilisha. Magongo akamuuzia, lakini akamwambia wazi haya yanakupunguzia uzito na maumivu tu, hayatibu. Mhudumu akanuna.

Magongo nayapa tatu na nusu kati ya tano. Mipira mizuri wanayo hapohapo dukani, ile myeusi laini yenye washa ndani, iko chini ya kaunta hawaitoi usipoomba, 3,000 kila mmoja, na ukimwambia mama akuvalishe kabla hujalipa anaweza kukutolea ile migumu na kukupunguzia kidogo kwenye bei.