Mkanda upi ununue? Vyeti vya Six Sigma na jamaa zake, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho

Cheti changu cha kwanza cha mkanda mweusi nilikipata usiku mmoja, kati ya saa tatu na saa sita, nikiwa kitandani na simu mkononi. Six Sigma ni mbinu ya kupunguza makosa ya mchakato kwa kutumia takwimu, na ngazi za vyeti vyake huitwa mikanda, kama kwenye karate: mweupe, wa njano, wa kijani, mweusi. Bei ilikuwa imeshushwa, saa ya kuhesabu dakika inakimbia pembeni mwa skrini, na mimi nilikuwa ofisa udhibiti ubora mwenye mwaka mmoja kiwandani na hamu kubwa ya kupanda cheo. Maswali yalikuwa 40. Ukikosa, unarudia papo hapo. Miezi miwili baadaye nikawa mbele ya jopo la usaili. Mzee mmoja akakitazama kile cheti, akaniuliza swali moja: "Mradi wako ulipunguza nini, kutoka ngapi hadi ngapi?" Sikuwa na mradi. Nikaanza kueleza historia ya Motorola. Akanikatiza kwa upole: "Basi mwanangu, inatosha."

Mwongozo huu nauandika kwa mtu aliye pale nilipokuwa mimi: yuko kazini kiwandani, benki, hospitali au kwenye kampuni ya usafirishaji, anataka cheti cha uboreshaji wa michakato, na fedha zinatoka mfukoni mwake.

Ile historia ina faida kwa mnunuzi, ingawa haikunisaidia kwenye usaili. Six Sigma ilizaliwa Motorola, Marekani, mwaka 1986, kwa kazi ya mhandisi Bill Smith. Kuanzia 1995 General Electric, chini ya Jack Welch, ikaifanya kuwa gumzo la dunia. Baadaye ikafungishwa ndoa na mbinu za Toyota za kuondoa upotevu, ndiyo maana leo unaona jina Lean Six Sigma. Motorola ilisajili jina, lakini hakuna chombo kimoja duniani chenye mamlaka ya kusema nani ni mkanda wa kijani na nani si. Udaktari una baraza lake, uhasibu una bodi yake. Mikanda hii haina. ISO, shirika la kimataifa la viwango, lina viwango vyake, ISO 13053 cha mwaka 2011 kuhusu mbinu yenyewe na ISO 18404 cha 2015 kuhusu ujuzi wa watu, ila hakuna anayelazimika kuvifuata kabla ya kufungua duka la vyeti. Mimi na wewe tukiamua leo, kesho tunatoa mikanda.

Kwa hiyo unachonunua ni jina la aliyekutahini. Rangi ya mkanda inafuata nyuma.

Kabla hujatoa hata senti

Kama uko Tanzania, ulizia kwanza kazini kwako kaizen, ile falsafa ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo. Wizara ya viwanda imekuwa ikiendesha mafunzo ya kaizen viwandani kwa kushirikiana na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa maendeleo, tangu 2013. Hospitalini mambo yalianza mapema zaidi, Mbeya ikiwa miongoni mwa za mwanzo, na wauguzi wengi wanaijua 5S, mbinu ya kupanga na kusafisha mahali pa kazi, kwa Kiswahili chake: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. (Aliyetafsiri vile apewe zawadi. S zote tano zimebaki.) Mafunzo haya hayakupi mkanda, lakini yanakupa kitu ambacho wauzaji wa mikanda hawauzi: kazi halisi uliyoifanya, yenye picha za kabla na baada.

Kenya kuna njia nyingine ambayo wengi hawaitumii. Mwajiri hulipa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, tozo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na anaweza kudai kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Muulize ofisa rasilimali watu kabla hujaomba mkopo wa chama. Ombi lipelekwe kabla ya kozi kuanza, si baada.

Namba moja: mkanda wa kijani wa ASQ

ASQ ni chama cha ubora cha Marekani, kilichoanzishwa 1946, na makao yake yako Milwaukee. Nakiweka juu kwa sababu moja ambayo wauzaji wengine wanaiona kama kasoro: hawamwuzii kila mtu. Ili ukalie mtihani wa mkanda wa kijani unatakiwa uwe na miaka mitatu ya kazi ya kudumu yenye malipo, kwenye eneo mojawapo la mtaala wao. Miezi ya mafunzo kwa vitendo chuoni haihesabiwi. Ukishakubaliwa, unakaa mbele ya kompyuta kwa zaidi ya saa nne na maswali 110, ambapo 100 ndiyo yanayotolewa alama. Alama ya kufaulu ni 550 kati ya 750.

Unaruhusiwa kuingia na vitabu. Usifurahi mapema. Swali linakupa data za sampuli tano na kukutaka useme mchakato umetoka nje ya udhibiti au la. Kama hujawahi kuchora kwa mkono chati ya udhibiti, yaani mchoro wa vipimo na mipaka yake, utafungua kitabu hadi saa ziishe. Mtihani hautolewi kwa Kiswahili, na Kiingereza chake ni cha kitakwimu, hivyo tenga miezi mitatu au minne ya kusoma jioni.

Gharama ni mamia ya dola kwa mtihani peke yake, bila kozi na bila vitabu. Piga hesabu ya uanachama kabla ya kulipa, kwa kuwa wanachama hupunguziwa. Kadi nyingi za benki zetu hukataa malipo ya nje hadi uombe zifunguliwe. Nenda benki wiki moja kabla, usingoje siku ya mwisho ya kujisajili.

Unachopata mwishoni ni jina lako kuweza kuhakikiwa. Mwajiri wa Nairobi, Muscat au Toronto anaweza kuuliza na akajibiwa. Kwa anayefikiria kuvuka mipaka, hilo peke yake linalipa nauli.

Namba mbili: mkaguzi kiongozi wa ISO 9001

Najua huu si mkanda, na wapenzi wa Six Sigma watanuna. Lakini fungua matangazo ya kazi za ubora ya Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, uone ni mangapi yanataja ISO 9001, kiwango cha ISO cha mfumo wa kusimamia ubora. Viwanda vyetu vingi vinaishi kwa cheti hicho. Bila hicho zabuni inapita pembeni, na mnunuzi wa nje hafungui hata barua pepe.

Tafuta kozi yenye idhini ya CQI na IRCA ya Uingereza (taasisi ya ubora na rejista yake ya wakaguzi), au ya PECB, shirika la vyeti la Kanada. Kozi ya IRCA huchukua siku tano na mtihani juu yake, na siku hizo tano ni ndefu kwelikweli. Jioni kuna kazi za kikundi. Jambo moja hufichwa na wauzaji: kufaulu kozi hakukufanyi kuwa mkaguzi aliyesajiliwa. Usajili unataka ukaguzi ulioufanya, wenye kumbukumbu. Ukimaliza kozi, jipendekeze kwa timu ya ukaguzi wa ndani kiwandani kwako ili uanze kujaza daftari.

Kwa nini basi si namba moja? Kwa sababu inakufundisha kuona kama mchakato unafuata kilichoandikwa. Haikufundishi sana kuufanya mchakato wenyewe uwe bora. Lakini kama una chini ya miaka mitatu kazini, mlango wa ASQ bado umefungwa kwako, na hii ndiyo ningenunua mimi.

Namba tatu: mkanda wa kijani wa IASSC

IASSC, shirika la kimataifa la kutahini Six Sigma, hawaulizi uzoefu wala mradi. Wanapima maarifa tu: maswali 100 kwa saa tatu kwa mkanda wa kijani, 150 kwa saa nne kwa mweusi. Wao wenyewe hawafundishi, wanatahini, na hilo ni jambo jema, maana anayekufundisha asipokuwa anayekutahini hana sababu ya kukubembeleza ufaulu. Mtihani ni wa haki na si mwepesi.

Udhaifu wake ni uleule ulionitoa jasho kwenye usaili. Unaweza kufaulu bila kuwahi kugusa mchakato wowote. Ukinunua huu, tafuta mradi wako mwenyewe pembeni.

Mradi ndio mali yenyewe

Nikae hapa kidogo, maana ndipo fedha nyingi hupotea. Mradi mzuri wa mkanda wa kijani si mkubwa. Chukua kiwanda cha unga kinachojaza mifuko ya kilo 2. Opereta anaogopa Wakala wa Vipimo, kwa hiyo anaiweka mashine ijaze wastani wa gramu 2,025, asije akakutwa na mfuko uliopungua. Kwa mifuko 8,000 kwa zamu, kiwanda kinagawa bure kilo 200 za unga kila zamu. Ukimwambia ashushe wastani tu, utampeleka kwenye faini, kwa sababu mashine inayumba: mfuko huu gramu 2,045, unaofuata 2,004.

Hapo ndipo hatua tano za Six Sigma zinapopata maana. Unafafanua tatizo kwa namba. Unapima mifuko kwa siku kadhaa, na kabla ya hapo unapima mizani yenyewe. Unachambua mashine inayumba lini: zamu ya usiku? Unga ukiwa na unyevu? Baada ya kubadilisha gunia? Unaboresha, pengine kwa kurekebisha lango la kumiminia. Kisha unadhibiti kwa chati ambayo opereta mwenyewe anaijaza. Myumbo ukipungua, sasa unaweza kushusha wastani hadi gramu 2,008 bila hofu. Ziada imetoka gramu 25 hadi 8, na kilo 136 zinabaki ghalani kila zamu. Yule mzee wa usaili alikuwa anataka sentensi hiyo moja tu.

Kwa hiyo ukiongea na chuo au mkufunzi yeyote wa hapa nyumbani, waulize: kuna mtu atakayesoma mradi wangu na kuurudisha ukiwa na makosa? Wangapi mwaka jana walirudishiwa? Wakikwambia kila mtu hufaulu, shika mkoba wako. Uliza pia kama ada ya mtihani imo kwenye bei, kama kuna ada ya kuhuisha cheti, na programu ya takwimu mtakayotumia ni ipi. Muda wa kujaribu bure Minitab, mojawapo ya programu hizo, ukiisha katikati ya kozi na hukujua, utaumia. Na neno "tumeidhinishwa" lifuatilie hadi mwisho: na nani, kwa kiwango gani? Kiwango cha mashirika yanayothibitisha watu ni ISO/IEC 17024. Wengi wanaojisifu kuwa wameidhinishwa hawajawahi kukisikia.

Namba nne: CSSC

CSSC ni baraza jingine la kutoa vyeti vya Six Sigma. Bei yake ni ya chini kuliko wote niliowataja, vitabu vyao vya kujisomea unavipakua bure, na mkanda mweupe ni bure kabisa. Mtihani unaufanya nyumbani bila msimamizi, na mwajiri anayezijua habari hizi analijua hilo. Ushauri wangu ni wa kichoyo kidogo: pakua vitabu, visome vyote, kisha fedha ya mtihani iwekee akiba ya ule wa namba moja au tatu. Kama unataka tu kuelewa lugha ambayo meneja mpya ameanza kuiongea, basi hapa panatosha na huhitaji kuendelea kusoma.

Mkanda wa njano, wa shirika lolote, mwachie mwajiri aununue. Ni mzuri kwa timu nzima kuwa na msamiati mmoja, lakini ukilipa mwenyewe haukuongezei kitu mezani.

Mkanda mweusi

Usinunue bado. ASQ wanataka miradi miwili iliyokamilika, yenye hati za kiapo zilizosainiwa, au mradi mmoja na miaka mitatu ya kazi. Kisha kuna mtihani wa maswali 165. Baada ya hapo cheti kinahuishwa kila miaka mitatu kwa kukusanya pointi 18 za mafunzo na kazi, na kuhuisha nako kuna gharama yake.

Zile saini ndizo zinazochelewesha watu. Meneja aliyeona mradi wako huhama kampuni, au hustaafu na kurudi kijijini, na mrithi wake hawezi kuapia asichokiona. Mradi wako wa kwanza ukifungwa, andaa karatasi wiki hiyohiyo: tatizo, namba za kabla, namba za baada, tarehe, jina na saini ya aliyeusimamia. Chapisha nakala mbili. Moja ikae nyumbani.