Mwaka mmoja na KGSSHV niliyoiunda mwenyewe: uzoefu wangu

Amplifaya hii nimeisikiliza karibu kila siku kwa mwaka mzima, na sasa nadhani naijua vya kutosha kuizungumzia. Ni KGSSHV, muundo wa Kevin Gilmore wa Marekani, ambaye michoro yake imekuwa wazi kwa yeyote mwenye subira ya kujiundia. Kazi yake ni moja tu, kuendesha hedifoni za umemetuli. Zangu ni Stax SR-L700. Sauti nitaifikia, lakini maneno mengi yatakwenda kwenye umeme unaoilisha, maana huko ndiko ulikoishia muda wangu mwingi na ndiko nilikofanya karibu makosa yangu yote.

Kwa asiyezijua: hedifoni za kawaida zina koili na sumaku, hizi hazina hata kimoja. Zina utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele mara nyingi, uliotandazwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu. Utando hupewa chaji ya kudumu, yaani bayasi, ya volti 580 za DC, umeme usiogeuza mwelekeo. Stax za zamani zilitumia 230. Muziki huenda kwenye mabamba. Volti za bamba moja zikipanda, za jirani yake hushuka, na utando wote huvutwa upande mmoja na kusukumwa kutoka mwingine kwa wakati mmoja. Ndiyo maana amplifaya ya spika haiwezi kuzilisha moja kwa moja. Spika inataka ampia nyingi kwa volti chache, na hizi zinataka mamia ya volti kwa miliampia chache tu.

Chache kiasi gani? SR-L700 pamoja na waya wake ni kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji, ya pikofaradi 110. Ukiipa volti 800 za kilele kwa hezi 20,000, inahitaji miliampia 11 hivi. Hakuna muziki unaodai kiasi hicho kwenye sauti nyembamba namna hiyo, lakini hesabu hii ndiyo iliyonielewesha kwa nini kila upande wa kutolea sauti huachwa ukipitisha miliampia 18 muda wote, hata muziki ukiwa umezimwa. Pande ziko nne, kila mmoja unakaa kati ya volti 400 chanya na 400 hasi. Zidisha upate wati 57 na ushei zinazogeuka joto tupu. Kasha langu lina mabamba mazito ya alumini ya kupozea ubavuni, na baada ya saa moja unaweza kuyashika lakini hutatamani kuendelea kuyashika.

Kabla ya hii nilitumia boksi la transfoma la kupandisha volti, lililofungwa kwenye amplifaya yangu ya spika. Silidharau hata kidogo. Kwa anayetaka kujua kama hedifoni za aina hii zinamfaa, ndiyo njia nyepesi na salama zaidi, na kama uchovu wa kulehemu haukupendezi, baki hapo kwa amani. Mimi nilitaka kuisikia hedifoni bila transfoma kati yake na muziki.

Nilianza na umeme, na ningemshauri mtu yeyote aanze hapo hapo. Bodi ya amplifaya iache kwenye mfuko wake. Transfoma inatoa volti 330 za AC, umeme unaogeuza mwelekeo, mara mbili, diodi zinazinyoosha ziwe DC, na kapasita za mikrofaradi 680 zinajaa hadi volti 467 kila upande. Regulata inazishusha hadi 400 zilizotulia. Kwenye karatasi ni rahisi. Sasa fikiria kapasita moja tu kati ya hizo inashikilia juli 74, na zinabaki humo hata ukichomoa plagi. Umeme huu hautishi kwa macho, haucheki na mtu, na haumpi nafasi ya pili.

Kwa hiyo sambamba na kila kapasita niliweka rezista za kuimaliza chaji, jumla ya kiloomu 220. Ziko mbili za 110 zikifuatana, kwa sababu rezista moja ndogo huandikiwa mwisho wa volti 250 au 350, na jambo hilo watu wengi hulisahau kwa kuangalia wati peke yake. Kwa thamani hizo volti zinashuka kutoka 467 hadi 50 kwa dakika tano na nusu. Nilipima kwa saa ya ukutani na ikawa hivyo hivyo. Tangu siku hiyo sifungui kasha kabla ya dakika kumi kupita, na nikishafungua napima kwanza. Ninapopima kitu kilicho hai, mkono wa kushoto unakaa nyuma ya mgongo, na mita ni ya volti 1000 yenye waya za kiwango hicho. Kasha la chuma limefungwa kwenye ethi, waya wa ardhini, kwa skrubu yake yenyewe ambayo haina kazi nyingine.

Mara ya kwanza kuwasha nilipitisha umeme kwenye balbu ya wati 60 iliyofungwa kwa mfululizo na transfoma. Kama kuna shoti, balbu inawaka yote na vifaa vinapona. Ilimulika kidogo wakati kapasita zinajaa, ikafifia. Nikavuta pumzi. Kisha nikaondoa balbu, nikaweka mzigo wa bandia wa kiloomu 5.6 kila upande, uliojengwa kwa rezista nene kadhaa. Unavuta miliampia 71, karibu sawa na amplifaya yenyewe, na unatoa wati 28, kwa hiyo usiuweke juu ya meza ya mbao. Saa mbili nzima volti zilikaa 400, nikaamini.

Lakini niliamini mapema mno, na hapa ndipo penye kosa langu kubwa. Transfoma ya kwanza niliyoagiza haikuwa ya 330 bali ya 300. Nilifanya hesabu nikaona 300 ikinyooshwa inatoa 424, ambayo imeizidi 400, na nafasi ya volti 24 ingefanya regulata ikae baridi. Mchana kila kitu kilikuwa safi. Jioni, saa ambazo kila mtu amewasha kitu nyumbani kwake, ukaanza kusikika mvumo mzito masikioni, wa hezi 100, mara mbili ya umeme wa ukutani wa hezi 50. Wiki mbili nililaumu ethi. Nilihamisha waya, nikasokota nyingine, nikazungusha transfoma nyuzi tisini. Mwishowe nikaweka mita kwenye njia ya kutokea ya regulata wakati mvumo upo, ikasoma 388. Umeme wa ukutani ulikuwa umeshuka asilimia nane tu, na asilimia nane ya 424 inatosha kukuangusha chini ya 400. Regulata haikuwa na kitu cha kurekebisha, ikawa inapitisha mawimbi yote kama yalivyo.

Kwa 330 una nafasi ya volti 67. Umeme ukipungua asilimia kumi bado unabaki na 420. Gharama yake ni karibu wati 5 za joto kwenye kila regulata, na naziona ni kodi ya haki kabisa. Nilibadilisha transfoma, mvumo ukatoweka, haujarudi. Kama utakumbuka jambo moja tu katika maelezo yangu, basi pima umeme wako wa ukutani kwa siku kadhaa, asubuhi, mchana na jioni, kabla ya kuagiza transfoma.

Bayasi nayo ilinipa usiku mmoja wa wasiwasi. Volti 580 hufika kwenye soketi kupitia rezista ya megaomu 4.7, ambayo ipo ili mkondo usiweze kuwa mkubwa hata mtu akigusa. Nikapima kwenye soketi, mita ikasoma 394. Nikatoa bodi, nikakagua kila diodi, nikabadilisha kapasita mbili ambazo hazikuwa na hatia yoyote. Kumbe mita yenyewe ina megaomu 10 ndani yake, na pamoja na ile 4.7 inagawana volti: 580 mara 10, gawanya kwa 14.7, unapata 394 na ushei. Bayasi ilikuwa sawa tangu mwanzo. Pima kabla ya hiyo rezista, si baada yake.

Bodi za amplifaya zenyewe zilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea, isipokuwa suala la transista. Muundo wa awali unatumia 2SC4686A ya Toshiba, ambayo haitengenezwi tena, na penye uhaba bandia hazikosekani. Kundi la kwanza nililonunua lilikuwa na maandishi mazuri sana. Kwa bahati umeme ulikuwa tayari, nikaweza kuzijaribu: kati ya 400 chanya na 400 hasi nikaunganisha transista moja moja kwa mfululizo na rezista nne zenye jumla ya megaomu 1, kisha nikapima volti juu ya rezista. Transista nzima haipitishi kitu, kwa hiyo mita husoma karibu na sifuri. Zile zikasoma zaidi ya 300. Maana yake zilikuwa zinavunjika kabla hata ya kufika 500, na kazini zilitakiwa zihimili 800. Zote zikaenda kwenye pipa la taka. Kundi la pili, kutoka kwa muuzaji mwingine, lilipita mtihani lote. Sijui ningesema nini leo kama ningezilehemu bila kuzijaribu, na hedifoni ikiwa upande wa pili wa waya.

Kati ya transista na alumini nimetumia vipande vya kauri, si mika nyembamba, kwa sababu mgongo wa baadhi ya sehemu hizi unabeba mamia ya volti na kasha liko kwenye ethi. Masalia ya dawa ya kulehemu niliyasafisha kwa spiriti na mswaki mara tatu. Kwa volti 12 uchafu huo ni sura mbaya tu, kwa 800 ni njia ya umeme kuvujia. Waya za ndani ni za kiwango cha volti 1000. Kwenye kila njia ya kutokea kuna rezista ya kiloomu 5.1, na hiyo usiiruke hata mtu akikuambia inapunguza uzuri wa sauti.

Kurekebisha kunataka utulivu. Kuna skrubu mbili kwa kila chaneli: moja ya tofauti kati ya mabamba mawili, nyingine ya yote mawili dhidi ya ethi. Ukirekebisha amplifaya ikiwa baridi unapoteza muda, volti zinatembea kadiri alumini inavyopata joto. Nilisubiri nusu saa, nikarekebisha, nikafunga kifuniko, nikasubiri tena nusu saa, nikarekebisha kupitia tundu. Sasa tofauti inacheza ndani ya volti mbili au tatu. Hedifoni haikuguswa hadi hapo, kwa sababu DC iliyozidi kati ya mabamba huusogeza utando upande mmoja.

Basi sauti. SR-L700 inatoa desibeli 101 kwa volti 100, kwa hiyo kusikiliza kwangu kwa kawaida, karibu desibeli 80, kunatumia volti 9 tu. Mtu anaweza kuuliza zile 800 ni za nini. Mimi nazisikia kwenye vishindo vya ghafla: nyundo ya piano inapogonga waya, ngozi ya ngoma inapopokea kiganja. Kwa boksi la transfoma vishindo hivyo vilikuwa vikubwa lakini kingo zake zilikuwa zimelainishwa. Hapa kishindo kinakuja kizima, kinaondoka, na nyuma yake kunabaki mwangwi wa chumba cha kurekodia ambao sikujua kama umo kwenye rekodi nilizozisikiliza miaka kumi. Besi imeshuka zaidi na imekaza. Sauti ya mwimbaji anapovuta pumzi kabla ya mstari unaisikia ilivyo, bila kuitafuta. Na kukiwa hakuna muziki, ukizungusha kitufe hadi mwisho, kimya. Kimya hicho ndicho ninachojivunia zaidi, kwa kuwa nakijua kilitoka wapi.

Kasoro zipo. Inakula karibu wati 80 ukutani hata isipoimba, kwa hiyo siiachi ikiwaka. Ni nzito, nimeigawa makasha mawili, la umeme na la amplifaya, ili transfoma ikae mbali, na kiunganishi kati yake ilinibidi kiwe cha aina ambayo pini zenye umeme haziwezi kuguswa kikichomolewa. Inachukua nusu saa kabla haijatulia. Kuijenga kulinichukua miezi mitano ya jioni. Asiyewahi kujenga kifaa cha volti ndogo kikafanya kazi, nisingependa aanzie hapa, na kama unaye fundi unayemwamini, mwombe akae nawe siku ya kwanza ya kuwasha. Mimi nilimwita rafiki, na kazi yake pekee ilikuwa kusimama karibu na swichi ya ukutani.

Mwezi uliopita niliifungua kwa ukaguzi, nikasubiri dakika zangu kumi, nikapima kapasita, kisha nikaiwasha tena na kupima upya: 400.6 upande mmoja, 399.8 upande wa pili, bayasi 581. Nikafuta vumbi na kurudisha kifuniko.