Nilikwenda Nairobi kuona tembo, nikaoneshwa tanzanaiti

Sikupanga kuandika. Nimekaa na jambo hili tangu msimu ule wa baridi nikisema litapita. Halijapita. Juzi nimeona kampuni ile ile iliyotupeleka inatangaza tena safari ya Nairobi, na picha ya mtoto wa tembo ananyonya chupa, nikasema hapana, leo nasema.

Tulikuwa akina mama kumi na nne wa kikoba chetu hapa Arusha, tumeweka akiba karibu mwaka mzima. Siku mbili za kwanza sina neno. Namanga tuligonga mihuri bila usumbufu, hoteli ya kawaida, jengo refu la KICC tulipanda hadi juu tukauona mji wote. Siku ya tatu ndiyo ratiba iliiita "siku ya kupumzika, hakuna haraka". Tembo, twiga, chakula, basi.

Sasa sikilizeni. Kituo cha tembo yatima cha Sheldrick kinapokea wageni saa tano hadi saa sita mchana. Saa moja tu, na nafasi unaiweka mapema. Hata mjukuu wangu wa miaka sita analijua hilo, maana yeye ndiye aliyenionesha video: vitoto vya tembo vinakuja mbio kwenye chupa zao za maziwa, walezi wamevaa makoti ya kijani, na usiku walezi hao hao wanalala navyo bandani. Nilimwahidi nitamletea video ya kwangu mwenyewe.

Saa tatu na nusu tukatoka. Mwongozaji wetu, kijana wa miwani ya jua (jua lenyewe halikuwepo, mawingu tupu), akasema tunapita "mahali padogo, dakika kumi". Mahali padogo ni duka kubwa kama godauni. Vinyago, mawe ya Kisii, viondo, mpaka dari. Akaja dada mmoja na trei ya vito, akaanza kutueleza kuwa tanzanaiti inachimbwa sehemu moja tu duniani. Tukatazamana. Dada yangu, sehemu hiyo ni Mererani, jirani na kwetu! Mume wa mwenzetu mmoja amechimba huko miaka kumi na moja, na nyumba hajamaliza kuezeka. Shuka za Kimaasai nazo tulitandaziwa, sisi watu wa Arusha.

Nikamfuata kijana. "Mwanangu, saa nne na robo hii." Akanijibu, "Tulia, mathe." Saa nne na dakika hamsini bado yuko kaunta ananong'onezana na mwenye duka. Mimi mtu mzima, nikaelewa: kamisheni. Hakutuleta kununua, alituleta kuuzwa. Na aibu yangu ni kwamba nilinunua. Bakuli la jiwe la Kisii, zuri kwa kweli, liko mezani mpaka leo. Kila nikiweka ndizi humo nakasirika upya.

Foleni ya barabara ya Lang'ata sitaieleza, mnaijua. Getini tulifika saa sita na dakika saba. Watu wanatoka wanacheka, simu zimejaa picha. Askari alikuwa muungwana, alitupa pole, akasema muda umekwisha, labda kesho. Kesho sisi tuko Namanga.

Nikamuuliza yule kijana kwa upole (wenzangu wanasema haukuwa upole) sasa inakuwaje. Akavua miwani, mara ya kwanza siku ile, akasema: "Ndovu ni ndovu, mathe. Na si mko nazo huko kwenu?"

Kwetu ukisema Ndovu watu wanakuletea bia, lakini nilimwelewa. Sijui kipi kiliniuma zaidi, lile "mathe" au ukweli wenyewe. Maana Tarangire si mbali na kwangu, tembo wamejaa, na mimi na umri huu sijakanyaga. Wazungu wanavuka bahari kuja kuwaona, mimi nawaona kwenye kalenda ya benki. Haya, hilo ni langu. Halimpi yeye ruhusa. Mimi nililipia tembo wa chupa.

Twiga tuliwalisha, sawa. Wana miguu myeupe kama wamevaa soksi za shule, si kama wa kwetu. Siku nyingine ningefurahi.

Aliyeokoa siku ni dereva. Baba wa makamo, tangu asubuhi hakusema neno. Tulipokuwa tunarudi mjini tumenuna gari zima, akakata kona bila kumuuliza mtu, akatupeleka Makumbusho ya Taifa. Haikuwa kwenye ratiba. Pale uani amesimama tembo wa sanamu, ukubwa wake kamili, pembe karibu ziguse chini. Dereva akaja pembeni yangu: "Mama, huyu hatakukimbia." Akanisimulia habari za Ahmed wa Marsabit, tembo ambaye Mzee Kenyatta aliamuru alindwe, akawa na askari wenye bunduki kila aendako, hadi akafa kifo chake mwenyewe mwaka 1974. Jamani, tembo mwenye walinzi kama waziri! Nilisimama pale mpaka miguu ikauma. Nilisahau hata bakuli.

Jioni ile ningewapa nyota nne, nawaambia kweli. Kijana naye akaja kunywea, akasema hela ya tembo itarudishwa kwa simu, wiki ijayo. Wiki ijayo ipi? Nimepiga mara nne. Mara bosi yuko Mombasa, mara kutuma Tanzania kuna shida. Kupokea kutoka Tanzania hakukuwa na shida hata kidogo.

Mjukuu nilimwonesha video ya Ahmed. Akaitazama hadi mwisho, akauliza: "Bibi, mbona huyu hanywi maziwa?"

Kwa hiyo nyota moja. Ila ukienda nao na ukapangiwa yule baba, panda tu, utafurahi. Basi mbili, zote za dereva. Kijana wa miwani hana hata nusu, na hela yangu ya tembo bado naisubiri.