Vidoti kwenye zana zangu za umeme: uzoefu wangu

Mimi ni fundi umeme, nafanya kazi London, na gari langu la kazi hulala barabarani kama magari ya mafundi wengi hapa. Wizi wa zana kwenye magari ya mafundi ni kilio cha kila siku Uingereza. Wanavunja mlango usiku, asubuhi huna kazi, na mwenye nyumba anakusubiri. Ndiyo maana nilinunua kifurushi cha vidoti vya kutia alama, na baada ya kukitumia muda wa kutosha nina ya kusema.

Kifurushi kilinigharimu chini ya pauni 40. Ndani kuna kichupa chenye brashi kwenye kifuniko kama cha rangi ya kucha, na ndani ya gundi yake vinaelea vidoti vyenyewe, maikrodoti. Ni vipande vya plastiki ambavyo havifiki hata milimita moja, na kila kimoja kimechorwa kwa leza namba ileile, yako peke yako, pamoja na jina la rejista, yaani orodha ya wenye mali, ilikoandikishwa. Unafuta mahali kwa spiriti, unaacha pakauke, unapaka. Gundi ikiwa mbichi ni nyeupe, ikikauka huioni tena. Ukiimulika kwa taa ya UV, hii ambayo watu hukagulia noti bandia, inang'aa, na hapo polisi anajua pa kuweka lenzi yake asome namba.

Pa kupaka ndipo penye kazi. Mimi nimepaka ndani ya tundu la betri la drili, kwenye matundu ya kupitishia hewa ya grenda, pembeni mwa lebo yenye namba ya kiwanda, na chini ya klipu za kasha la mita. Kwenye mipini ya mpira hapafai: mkono unasugua, jasho linaingia, gundi inabanduka. Bisibisi zangu zimeshapoteza vidoti karibu vyote. Lakini kwenye plastiki ngumu na chuma vimeshika kweli, vumbi la saruji na mvua juu. Mwizi akikwangua anapopaona, havimalizi, na kimoja tu kikibaki kinatosha.

Sasa niwaambie kilichonifanya niamini jambo hili. Polisi wa hapa wakikamata shehena ya zana za wizi, mara nyingine hufungua mlango watu waje kutambua mali zao. Nilikwenda siku moja kama hiyo na fundi mwenzangu aliyeibiwa. Meza ndefu, Makita, DeWalt, Bosch, safu kwa safu, zote zinafanana. Mwenzangu aliinua drili moja, akaigeuza, akaonyesha alama ya kuungua karibu na kifyatulio, akasema hii ni yangu. Afisa akamuuliza kwa upole kama ana namba ya kiwanda, risiti, au alama yoyote. Hakuwa nayo. Akairudisha mezani. Mtu mzima anaitazama drili anayoapa kuwa ni yake, na hawezi kuondoka nayo. Inauma sana.

Kwa hiyo watu wakiniuliza kama vidoti vinazuia wizi, nawajibu hivi: vidoti peke yake havimzuii mtu, kwa sababu mwizi havioni. Kinachomzuia ni stika. Kifurushi huja na stika za onyo, na hizo zibandike hadharani, kwenye milango ya gari na kwenye kila kasha. Ni mantiki ileile ya Dar, ambako watu huchora namba ya gari kwenye saiti mira na taa. Saiti mira yenye namba ya mtu ni ngumu kuuzika. Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi: tangu Septemba 2012 sheria inataka gari jipya liwe na maikrodoti linaposajiliwa mara ya kwanza. Hapa Uingereza Bunge lilipitisha sheria ya wizi wa vifaa mwaka 2023, ila ilianzia kwenye pikipiki za magurudumu manne za mashambani. Sisi mafundi tunaotegemea drili bado tunajilinda wenyewe, na naona hilo si haki.

Lawama yangu ni kwa rejista ya kifurushi nilichonunua. Mwaka wa kwanza ni bure, halafu wanataka ada ya kila mwaka, na maelezo hayo yamewekwa kwa maandishi madogo mwishoni kabisa. Hili si jambo la kuficha. Namba isiyo na jina nyuma yake haimsaidii polisi kitu, kwa hiyo kabla hujalipa, uliza: rejista ni ya maisha au ya kukodi? Na nikiuza zana, kumhamishia mnunuzi kunagharimu kiasi gani?

Ningenunua tena? Ndiyo, ila kingine chenye rejista ya kulipia mara moja. Kwa mwenye baiskeli, kamera au vifaa vya muziki, nacho kinafaa vilevile. Kwa asiye na hela ya kifurushi sasa hivi na yuko Uingereza, kuna Immobilise, rejista ya mali ya mtandaoni, ambayo ni bure na polisi huiangalia wanapokamata mali. Andikisha namba ya kiwanda ya kila zana, piga picha lebo, na kwa simu bonyeza *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho ya simu, uiandikishe pia. Fanya leo jioni kabla hujafunga gari, maana lebo zenyewe hufutika kwa matumizi, na ikishafutika hutaweza tena kuisoma namba kwenye zana.