Tathmini ya maabara ya kupima udhibiti wa mwelekeo wa setilaiti na ulengaji wa leza

Tangu setilaiti ya 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilipoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2018, vyuo vya kwetu vimezidi kuhitaji mahali pa kupimia vyombo vyao kabla ya kurushwa. Timu yetu ilipeleka setilaiti ya mfano, yenye uzito wa kilo 4 hivi, katika maabara ya chuo kikuu kimoja barani Ulaya inayotoa huduma hiyo kwa malipo. Kwa udhibiti wa mwelekeo ninaipendekeza bila kusita. Kwa ulengaji wa leza inayotuma data ardhini, bado.

Kiini cha maabara ni beringi ya hewa, yaani nusu tufe linaloelea juu ya utando mwembamba wa hewa iliyoshindiliwa, hivyo setilaiti iliyowekwa juu yake huzunguka karibu bila msuguano wowote. Imezungukwa na jozi tatu za koili za Helmholtz, ambazo hufuta uga wa sumaku wa mahali pale na kuweka ule ambao chombo kingekutana nao angani, na pembeni kuna taa kali inayoigiza jua. Hata hivyo, vyote hivyo ni bure pasipo usawazishaji. Kitovu cha uzito kikipishana na kitovu cha mzunguko kwa sehemu moja tu ya mia ya milimita, mvutano wa dunia huizungusha setilaiti kama yetu kwa nguvu inayozidi mara mamia ile ya misukosuko ya angani, na magurudumu yake madogo ya ndani, ambayo huigeuza kwa kuzunguka, huishia kushindana na mvutano huo. Mafundi hawakuiharakisha hatua hii: walisogeza vizito vidogo kwa skrubu, wakaiacha setilaiti ibembee, wakapima muda wa bembea, wakasogeza tena, mpaka bembea ikawa ya polepole mno. Uvumilivu huo ninausifu kuliko vifaa vyenyewe.

Leza inadai zaidi. Kutoka kimo cha kilomita 500, kosa la digrii 1 hupeleka mwale karibu kilomita 9 mbali na kituo cha kupokelea. Mtambo wa mawasiliano ya leza wa NASA uitwao TBIRD, uliorushwa Mei 2022 na kufikisha gigabiti 200 kwa sekunde mwaka uliofuata, ulilenga kwa kugeuza setilaiti nzima, na sisi tulitaka kupima njia hiyohiyo. Lakini doa la leza kwenye kihisi lilitikisika kila kiyoyozi kilipowaka, na ripoti ilijumlisha mtikisiko wa ukumbi na makosa ya setilaiti katika takwimu moja. Hilo ni kosa zito, kwa sababu mteja anaweza kuivuruga programu nzuri ya udhibiti akidhani ndiyo yenye hitilafu. Atakayekwenda na leza adai katika mkataba kwamba doa lipimwe pia setilaiti ikiwa imefungwa imara, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, na akabidhiwe data ghafi za vipimo vyote viwili.